Hoteli ya Kumfaa Bibi Thorburn

Toronto, 12 Februari 1995

Kaka Eustache,

Pokea salamu zangu, na za Mama pia, maana barua yake ya Krismasi imenifikia juzi kutoka Kigoma. Anasema mguu umepona. Nyumba ya mjomba imejaa watu waliovuka ziwa kutoka kwetu Burundi, lakini hawajalala njaa. Anauliza kwa nini kwenye picha uliyomtumia umevaa miwani ya jua. Amesema, "Nimeona meno, sijaona macho." Mtumie nyingine.

Mimi nipo. Jana basi la Finch lilikwama kwenye theluji, tukashuka tukatembea, na nilipofika kwa Bibi Thorburn kope zangu zilikuwa zimeshikana kwa barafu. Huyu ndiye mzee ninayemtunza, nilikueleza: mjane wa miaka sabini na tisa, miguu imevimba, anatembea kwa fremu ya chuma, na ulimi wake hauna sukari. Namwogesha, nampikia, kisha ananisomesha gazeti kwa sauti ili anirekebishe Kiingereza.

Sasa lililonikalisha niandike. Bibi anataka kwenda huko kwenu Florida, kwenye ile bustani kubwa ya michezo yenye magurudumu na treni za kupinduka. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa mashine za namna hiyo hapa Toronto, na maisha yake yote alisema ataenda kuona Wamarekani wameziundaje. Hakwenda. Bibi anataka kwenda badala yake, mwezi wa tano, na mimi niwe naye. Amenipa kazi ya kuchagua hoteli. Nimekusanya vijitabu vya matangazo mpaka meza imejaa, na kila picha ni watoto wakirukia maji. Bibi anavisukuma kwa kidole. "Donatienne, nataka kuona michezo ya watoto. Sitaki kulala na watoto." Hataki mtu aliyevaa ngozi ya dubu aje kumkumbatia akinywa chai. Anataka bafu lisilo na ukingo mrefu, lifti iwe karibu, na kiti mahali penye utulivu.

Wewe uko huko mwaka wa nne, tena ni msimamizi wa hoteli. Tuchagulie. Na fikiria, kaka, tutaonana!

Swali dogo tu. Mtu akitoka Kanada, pale uwanja wa ndege wanamkagua kwa muda gani? Na wakati wa kurudi? Mama usimwandikie kwanza kuhusu safari hii.

Mdogo wako,
Donatienne


Orlando, 6 Machi 1995

Mdogo wangu Dona,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikicheka peke yangu. Mwambie Mama macho yangu yapo, ni jua la huku tu. Afya ni nzuri, kazi ipo. Jumapili napata misa kwa Wahaiti, wanaimba Kifaransa chao na mimi naimba changu, tunafika mwisho pamoja.

Haya, hoteli. Ziko nyingi kuliko maduka ya Buyenzi kule Bujumbura, lakini kwa mzee nazitaja tatu. Ya kwanza ni ile ambayo treni inapita ndani yake, juu ya vichwa vya watu wanaokula. Nina hakika ndiyo iliyo mbele kwenye vijitabu vyako. Usidanganyike na picha. Asubuhi watoto mia tatu wanapanga foleni ya mikate yenye umbo la nyota, na Bibi atataka kurudi Toronto siku hiyo hiyo. Ya pili ni vibanda vya mbao msituni. Kimya kipo, lakini chakula unakifuata kwa basi, na kila kibanda kina ngazi tano. Vyura huingia bafuni.

Mchukulie ile ya tatu, ya ziwani. Ilijengwa kwa ajili ya watu wanaokuja kwenye mikutano ya kampuni zao. Haina bwawa la kuteleza, kwa hiyo wenye watoto wanaipita. Meza zina vitambaa, na mhudumu anasubiri umalize kusema. Lakini usikubali chumba chochote watakachokupa. Omba ghorofa ya pili, upande wa maji. Kisiwe karibu na mashine ya barafu, inanguruma kama ng'ombe. Kisiwe karibu na mlango wa ngazi, kwa sababu wafanyakazi wanapita hapo na matoroli ya mashuka tangu alfajiri. Vyumba vyenye bafu la wazee ni vinne tu kila ghorofa. Piga simu uombe, halafu piga tena wiki moja kabla, maana pale mapokezi wanasahau. Mwezi wa tano ni mzuri, shule hazijafungwa.

Mimi sifanyi kazi hoteli hiyo, na ni vizuri iwe hivyo. Msiniulizie mapokezi, hapo wala popote. Nitakuja mwenyewe. Na ukinikuta mbele za watu usiniite Eustache, niite Fabrice. Ni mazoea ya kazini tu.

Uwanja wa ndege usikutie wasiwasi. Mwenye karatasi zake hana shida, na wewe ulishapata zako. Au sivyo?

Kaka yako,
Eustache


Toronto, 2 Aprili 1995

Kaka,

Amani iwe nawe. Godelive, yule jirani yetu wa mtaa wa nane, amefika Toronto wiki iliyopita na mume wake. Wanakaa jengo la pili kutoka kwangu hapa Jane na Finch. Amenieleza ya kwetu Bujumbura mwezi uliopita. Mtaa wetu ni mtupu. Mlango wa nyumba yetu haupo, wameung'oa pamoja na fremu yake. Nilimuuliza habari za mpera wa uani kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuuliza habari za watu.

Barua yako nilimsomea Bibi kwa Kiingereza, sentensi moja moja. Aliposikia habari za mashine ya barafu alipiga meza. "Huyu ndiye mtu wa kuulizwa! Wengine wananiuzia picha." Amenifanya niandike yote kwenye karatasi kubwa na kuibandika jikoni: ghorofa ya pili, upande wa maji, mbali na ngazi. Tumepiga simu, wamekubali tarehe ishirini Mei.

Jikoni napita mbele ya karatasi ile mara ishirini kwa siku, na kila mara nageuza uso.

Sehemu ya Fabrice sikumsomea. Kaka, msimamizi wa hoteli anabadilishaje jina? Mazoea gani hayo? Ukinijibu usinichekeshe. Nijibu.

Donatienne


Toronto, 30 Aprili 1995

Kaka Eustache,

Wiki nne zimepita bila neno lako. Tulifundishwa shuleni kuandika kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako. Leo sijui niiweke wapi, kwako au kwangu.

Nimepiga ile namba uliyonipa mwaka jana. Mtu alipokea, nikasema namtaka Eustache, akasema hamjui. Nikasema namtaka Fabrice. Hapo hapo akakata. Bibi akauliza kama nina homa.

Inawezekana hunijibu kwa sababu umeshanigundua. Basi niseme mwenyewe. Sina karatasi. Nilipokuandikia mwaka jana kwamba nimekubaliwa, nilidanganya ili wewe umwambie Mama naye apate usingizi. Ukweli ni kwamba kesi yangu ya ukimbizi haijasikilizwa mpaka leo. Wakili amenionya: nikitoka Kanada kabla ya kesi, hata kwa siku moja, hakuna anayeweza kuniahidi kwamba nitarudi. Na wa kwenu huko wakinishika, watanipeleka wapi? Kwenye nyumba isiyo na mlango?

Nilijua hayo tangu Februari, na bado nikakaa na Bibi nikichagua hoteli. Kila siku nilisema nitamwambia kesho. Naogopa atatafuta msichana mwingine, na bila barua ya kazi nitasimama mbele ya wale waamuzi nikiwa mtu wa mitaani. Juzi alinituma nikapige picha ya pasipoti. Nilipiga. Nimeona uso wangu kwenye ile picha, kaka. Nimefanana na Baba siku ile walipokuja kumwita.

Niandikie hata mstari mmoja.

Donatienne


Orlando, 9 Mei 1995

Dona,

Niko hai. Barua zako mbili nimezipata jana kwa pamoja, padri wa Wahaiti ndiye aliyenichukulia posta. Anwani ya zamani usiitumie tena.

Mimi si msimamizi. Sijawahi kuwa. Chuo nilikiacha Desemba 1993, ile pesa ya masomo kutoka nyumbani ilipokatika baada ya mambo ya Oktoba, rais alipouawa kule kwetu, na viza yangu ikafa pamoja na chuo. Fabrice alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Alirudi kwao akaniachia kadi yake ya kazi. Kwa kadi hiyo nikapata kazi ya kufua mashuka. Ndiyo maana najua mashine ya barafu iko wapi na ngazi ziko wapi. Hoteli zile nazijua kwa kuingilia nyuma.

Tarehe kumi na moja Aprili, saa nne asubuhi, walikuja watu wa uhamiaji. Wanaume sita waliovaa suruali za kaki, na mmoja amesimama kila mlango. Tulikuwa chumba cha kufulia. Niliingia ndani ya toroli la mashuka machafu, nikafunikwa. Nilikaa humo hadi saa nane mchana. Nilisikia kila jina likiitwa. Nilisikia viatu vikisimama karibu nami, mashuka yakaguswa juu ya kichwa changu, halafu viatu vikaondoka. Walichukua watu saba. Kuna jambo moja la siku ile ambalo siwezi kuliandika. Usiniulize.

Sasa nalala kwenye chumba kilicho chini ya kanisa. Mlango wa gari ukigongwa nje, nasimama kabla sijaamka.

Usije. Mwambie yule mzee chochote, mwambie umeumwa, lakini usije. Na picha ya miwani, Dona, ilikuwa ni macho kweli. Sikutaka Mama ayaone.

E.


Toronto, 21 Mei 1995

Kaka yangu,

Asante kwa kuwa hai. Nimemwandikia Mama kwamba uko salama na kwamba kazi imekuhamisha mji. Uongo mwingine, lakini huu nimeuandika kwa magoti.

Nimemwambia Bibi. Nilisubiri amalize supu. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani, nikasema yote: karatasi zangu, wakili, na wewe pia. Akaweka kijiko chini.

"Miezi mitatu," akasema, "umekaa hapa unanisomea mambo ya mashine za barafu, na ulijua huendi?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utatafuta mtu mwingine."

"Ningetafuta," akasema. "Ondoa bakuli."

Siku mbili hakunisemesha zaidi ya ndiyo na hapana. Nilimwogesha akiangalia ukuta. Ile karatasi ya jikoni ilikuwa imebanduliwa. Nilianza kubeba vitu vyangu kidogo kidogo, kandambili, kikombe, ili siku ya kufukuzwa nisionekane nikihangaika na mifuko.

Siku ya tatu nilipofika, meza ilikuwa na vijitabu vipya. Vya Niagara, upande wetu huu wa Kanada. Huko nako kuna bustani ya michezo, na hoteli za kila namna.

"Mimi nasafiri kuona mashine," akasema bila kuinua macho. "Mashine ziko hata hapa. Huyo kaka yako anaweza kufika Buffalo, upande wa kwao wa mpaka?"

Sikumwelewa. Akanishika mkono wa nguo. "Nimempigia wakili wako. Nimemuudhi sana, lakini amenijibu. Mtu anaweza kusimama kwenye daraja la mpakani na kuomba hifadhi. Anaweza au hawezi?"

Kaka, ni kweli. Mume wa Godelive alipita hapo hapo. Buffalo kuna nyumba ya masista wanaopokea watu wanaongoja, nao ndio wanaokuombea tarehe ya kuhojiwa upande wa Kanada. Anwani yao naiweka humu. Naogopa kukuita. Ukishikwa njiani nitakuwa mimi niliyekutoa mafichoni. Lakini naogopa zaidi hilo toroli.

Njoo. Pasipoti yako ya Burundi, hata kama imekufa, njoo nayo. Vijitabu vya Niagara naviweka pia. Bibi anasema wewe ndiye mchaguzi wake, hataki maoni yangu.

Donatienne


Buffalo, 25 Juni 1995

Dona,

Nimefika. Nimesafiri kwa basi siku mbili, nikashuka mara tatu kabla ya vituo nilivyolipia kwa sababu niliona kofia za askari. Mji mmoja, ambao jina lake sikulishika, askari alipanda, akatembea polepole hadi nyuma, akakaa kiti cha kando yangu. Saa mbili nzima nilikuwa nimeshika gazeti lile lile ukurasa ule ule. Kumbe anaenda likizo kwa mama yake. Alinipa nusu ya mkate wake na mimi nikaula, sikusikia ladha yoyote.

Masista ni wema. Chumba chetu tuko tisa, kila mmoja na tarehe yake ukutani. Yangu ni Ijumaa tarehe kumi na nne Julai, saa nne asubuhi. Anayepita harudi tena. Wawili wiki hii walirudishwa mpaka walete karatasi nyingine, na mmoja wao hali tena na sisi, anakaa na uso ukutani.

Mwambie Bibi ile yenye mnara asiichukue, ina maporomoko ya maji ya plastiki ndani na bendi ya dubu. Wala ile ya ghorofa nyingi karibu na bustani, kelele za treni za kupinduka zinaingia dirishani mchana kutwa. Achukue ile ndogo ya matofali iliyo juu ya kilima. Hawataji watoto popote kwenye kijitabu chao, na anayejua biashara hii ataelewa maana yake. Waulize lifti ilitengenezwa lini. Aombe chumba cha upande wa mto. Yeye atalala vizuri. Wewe najua hutalala popote.

Nikiulizwa, sijui kama nitaweza kusema.

E.


Toronto, 5 Julai 1995

Kaka,

Bibi amechukua ya matofali. Lifti ni ya mwaka 1988, na amewahoji mpaka wamempa jina la fundi. Mpwa wake atatuendesha. Nimemwambia mara tatu asikosee njia akaingia kwenye daraja, kwa sababu ukishaingia hakuna pa kugeuzia, na upande wa pili mimi ndiye nitakuwa sina pa kurudi.

Tarehe kumi na nne nitakuwa nje ya ofisi yao, upande wa Kanada, tangu saa mbili. Nimevaa koti la mvua la Bibi, jekundu. Hata jua likiwaka nitalivaa. Usitafute kitu kingine.

D.


Hamilton, 22 Oktoba 1995

Mdogo wangu Dona,

Natumaini Bibi amepona kikohozi na nyumba yenu imeanza kupata joto. Huku kiwandani ni mikate tu, nanuka hamira mpaka Jumapili. Barua kutoka kwa Mama hii hapa ndani. Amepata picha mpya na amesema macho yamechoka, lakini ni yenyewe.

Nakuandikia kwa sababu kesi yako ni Jumanne ijayo, na kwenye simu jana ulisema umeanza kusahau hata tarehe yako ya kuzaliwa. Kuna jambo sikukueleza siku ile nilipovuka. Ulinikimbilia na lile koti jekundu, Bibi anatikisa fremu yake hewani, sikuwa na moyo. Kisha tukaenda bustanini, Bibi akakaa chini ya gurudumu akisikiliza gia, akamwita mfanyakazi kumwambia halijatiwa mafuta, tukacheka, na neno likapita.

Mle ndani kulikuwa na ofisa mwanamke mwenye mafua. Alipenga, akachukua kalamu, akauliza, "Jina lako?" Nikajibu, "Fabrice." Limetoka kabla sijafikiri, Dona. Mwaka mmoja na nusu hakuna aliyeniita jingine. Akaandika. Halafu akafungua pasipoti yangu, akatazama, akageuza ile karatasi kunielekea.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi Fabrice ni nani?"

Nikajua nimekwisha, nimesema uongo kwenye swali la kwanza. Nikataka kutoka nirudi nikatembee darajani, popote. Lakini pasipoti ilikuwa mkononi mwake. Basi nikasema. Kadi ya Fabrice, chumba cha kufulia, wale wanaume. Akauliza ilikuwaje wao wasinione. Na hilo ndilo nililokataa kukuandikia.

Sikujifunika mwenyewe. Kulikuwa na mama mmoja wa Haiti, Mirlande, tuliyekuwa tukikunja taulo naye. Toroli lilikuwa moja, na yeye ndiye aliyekuwa karibu nalo. Alinisukuma ndani, akanirundikia mashuka, akasimama mbele yake akiendelea kukunja. Nilimsikia akiulizwa kama kuna mwingine. Akasema hapana. Wakamchukua. Sikutoka, Dona. Angeweza kuingia yeye. Nilikaa kimya mpaka saa nane.

Yule ofisa alipenga tena. Alichukua rula, akakata lile jina kwa mstari ulionyooka, akanipa kalamu nijiandikie langu. Herufi zangu zilikuwa kama za darasa la kwanza. Kesi yangu nayo bado inangoja, unajua, lakini mlango nilipita.

Kwa hiyo Jumanne usikimbie kujibu. Ukikosea, waambie umekosea. Tarehe ya kuzaliwa ni kumi na saba Agosti, nilikuwepo, nilitumwa kuita mkunga.

Padri amenisaidia kuandika barua mbili kumtafuta Mirlande. Hakuna jibu. Nitaandika ya tatu.

Eustache


Toronto, 5 Novemba 1995

Kaka,

Mama asikie kwanza kutoka kwako, mpigie mjomba simu: wamenikubali.

Waamuzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Waliuliza ya Baba. Nilikosea mwezi, nikasimama, nikawaambia, "Samahani, nimekosea, nirudie," na yule mwanamke akasema nirudie bila haraka. Bibi alikaa nyuma yangu na koti lake, ingawa wakili alimwambia si lazima aje. Mwamuzi alipotaka kujua kama nina kazi ya kudumu, Bibi alijibu kabla hajaulizwa, wakamwomba anyamaze. Baada ya mapumziko walirudi wakatoa uamuzi pale pale. Nilidhani sikusikia vizuri Kiingereza.

Nilitegemea hofu itaondoka kama homa inavyoondoka. Haikuondoka. Usiku ule niliweka kiti nyuma ya mlango kama kawaida. Jumatano nilivuka barabara kwa sababu ya askari wa kuegesha magari. Habari za Mirlande nazo hazinitoki. Nimemtajia Godelive, kanisa lao lina Wahaiti wengi, wataulizia.

Lakini jana nikitoka kazini nilipata kiti dirishani kwenye basi la Finch, na nikalala. Mimi, ambaye sijawahi kufumba macho ndani ya basi tangu nifike nchi hii. Nililala nikapita Jane, nikapita kila kituo. Nilishtuka mtu ananigusa bega. Mwanamume mwenye sare na kofia, ameniinamia, na basi zima tuko wawili tu. Nikangoja moyo uruke. Nikamtazama usoni, nikaona ni dereva, mzee mwenye masharubu, naye amechoka kama mimi.

"Mwisho wa njia," akasema. "Ulikuwa unashuka wapi?"

"Jane," nikasema. "Nililala."

Akaniambia nikae tu hapo hapo, anageuza gari. Nikakaa.

Donatienne